Hivi muvi za mazombi zimeisha ladha au ni mimi tu?

mtu_wa_tandika

Wakuu habari za wikendi. Naomba tulijadili hili kidogo maana jana limenikera mpaka nikazima tivii katikati, na mimi sio mtu wa kuzima muvi katikati, bando limeshaliwa lazima nimalize hata kama ni mbovu.

Dogo wa hapa nyumbani kaja na flashi, bro hii mpya kali, mazombi hatari. Haya, tukakaa. Hata robo saa haijafika nikaanza kumwambia kinachofuata. Huyo mwenye koti jeusi keshaumwa, anaficha. Kweli bwana, mara jamaa anavuta mkono wa shati chini kisirisiri, jasho linamtiririka, anaulizwa vipi uko poa anajibu niko poa nimechoka tu. Nikamwambia sasa hivi watasikia redio inasema kuna kambi ya jeshi sehemu fulani iko salama. Redio ikaanza kukwaruza. Dogo akanigeukia, "wewe hii umeshaiona." Sijaiona! Ndio kwanza!

Na sio kwamba sipendi mazombi, mimi nimekua nayo. Nilianza na Resident Evil ile ya 2002 kwenye kibanda umiza, ya kutafsiriwa, mtafsiri anampa kila zombi jina la mtaani na watu tunacheka badala ya kuogopa. Ikaja 28 Days Later, jamaa anaamka hospitali peke yake anatoka nje London nzima haina mtu, pale nilisisimka kweli. Halafu 2010 ikaanza Walking Dead, jamaa anaamka hospitali peke yake... na bado nikaipenda, nikaifuata miaka. Lakini toka hapo nahisi kila mtu anafungua daftari lile lile. Kuna mjamzito, atajifungulia sehemu mbaya. Kuna mzee mwenye hekima, atakufa. Kuna mlango wa vioo, utavunjika. Kuna mtu atasema "binadamu ndio hatari kuliko hao wafu" kama vile amegundua yeye.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja ndani ya muvi ambaye amewahi kuona muvi ya zombi. Dunia nzima! Mtu anamuona jirani yake macho meupe, mdomo umejaa damu, anatembea kama amelewa, bado anamsogelea "Bwana fulani, are you okay". Mimi hapa Tandika nikimuona hivyo nimeshafika Mbagala.

Sasa swali. Mazombi wenyewe ndio wamechosha au waandishi ndio wamekuwa wavivu? Na kama kuna yenye kitu kipya nitajieni, ila tafadhali isiwe ya mtu kuamka hospitali.

---

nyanya_chungu

Kaka pole sana ila naona unamlaumu asiyehusika. Mazombi hawana shida, shida ni sirizi zinazokataa kufa, na tuanze na hiyo hiyo Walking Dead uliyoitaja maana mimi niliifuata mpaka mwisho, nina kinyongo nayo.

Sizoni ya kwanza ilikuwa episodi 6. Sita tu, na ndio maana imekaza vile, kila kitu kina uzito. Aliyeianzisha kwenye tivii, Frank Darabont, akaondolewa sizoni ya pili ikiwa bado inatengenezwa. Ya pili ikawa episodi 13, kuanzia ya tatu mpaka ya tisa wakaenda 16 kila mwaka, ya kumi ikawa 22, ya mwisho ikafika 24. Jumla 177. Sasa niambie, episodi 177 za watu wanaokimbia maiti utazijaza na nini? Ndio ukaanza ule mzunguko. Wanafika shamba la mzee Hershel, wanapumua kidogo, shamba linavamiwa, ghala linaungua. Wanahamia gerezani, wanapumua, anakuja Governor na kifaru, gereza kwisha. Wanafuata mabango ya Terminus, kumbe wenyeji wa huko wanakula watu. Alexandria, wanapumua, anakuja Negan na rungu lake la senyenge. Negan keshatulia, wanakuja wale wanaovaa ngozi za mazombi usoni. Ukiondoa majina ni stori moja inaimbwa upya.

Na Glenn je, mmoja wa wale wahusika tuliowapenda toka mwanzo. Sizoni ya 6 kaanguka katikati ya kundi zima, tukaona kabisa utumbo unavutwa, na jina la muigizaji wakaliondoa kwenye majina ya mwanzo ili tuamini amekufa. Wiki kadhaa watu wanalia mitandaoni. Kumbe utumbo ulikuwa wa mwenzake aliyemwangukia, yeye alijisogeza chini ya pipa kubwa la taka akalala humo mpaka wakaondoka. Haya tukasema alhamdulillah Glenn mzima. Sizoni ya 7 inafunguliwa tu, 2016, Negan anampiga rungu mpaka jicho linatoka. Yaani ulimfufua ili umuue vizuri zaidi? Hapo mtu anachezea presha yako tu. Watu wengi niliokuwa naangalia nao waliishia hapo hapo. Sizoni ya 5 ilifunguliwa na watazamaji milioni 17 na ushee Marekani peke yake, inamalizika Novemba 2022 hawafiki hata robo ya hao.

Halafu wakamuua Carl, mtoto wa steringi Rick, ambaye kwenye kitabu cha katuni sirizi ilikotolewa anaishi mpaka ukurasa wa mwisho. Na Rick ndio kabisa, 2018 anapakiwa kwenye helikopta anapotea, 2024 anarudi na sirizi yake mwenyewe. Steringi hafi, anapewa uhamisho kama mtumishi wa serikali.

Sasa linganisha na Kingdom ya Wakorea ya 2019. Sizoni mbili, episodi sita sita, basi. Enzi za wafalme huko Joseon, yaani Korea ya zamani, hakuna bunduki za kisasa, hakuna redio ya kukwaruza, utaipenda. Mfalme amekufa lakini ukoo wa malkia hautaki ijulikane, kwa sababu malkia inabidi azae kwanza mtoto wa kiume ndipo nchi ibaki mikononi mwao. Mganga wa jumba anamrudisha mfalme kwa mmea fulani, wanamfungia ndani. Anamuuma msaidizi wa mganga, kijana wa watu anakufa, maiti inarudishwa kwenye zahanati kijijini ambako wagonjwa hawajala siku nyingi kwa sababu ya vita iliyopita. Kuna mtu anapika supu. Anawaambia nyama ya paa. Kijiji kina njaa, nani atauliza? Wanagombania bakuli, wanalamba mpaka vidole, na ugonjwa unaanzia pale, kwenye ile supu. Hakuna maabara, hakuna mwanasayansi mwenye koti jeupe. Baadaye maiti zikijaa, dada mmoja mganga anasema zichomwe au zikatwe vichwa kabla jua halijazama, wakubwa wanagoma, maiti ya ukoo wa heshima haiguswi, za maskini ndio fanyeni mnavyotaka. Unajua kabisa usiku huo nini kitatokea na bado unaangalia umeshika mto.

Sasa hiyo ina mazombi wale wale wanaouma na kukimbia. Mbona haichoshi?

---

Jirani254

Niaje wasee. Kila mwaka naskia zombi zimechosha na kila mwaka mko hapa mnazicheki 😂

@mtu_wa_tandika kama hujaona Train to Busan (2016) wewe acha kila kitu. Na kama umeona rudia. Manze mimi ni mtu mkubwa nina watoto lakini hiyo muvi inanimaliza.

Kitu wengi hawaoni ni vile wanakuonyesha huyo baba kabla zombi yoyote haijaingia. Jamaa ni wa mambo ya pesa, fund manager huko Seoul, yuko bize mbaya. Birthday ya msichana wake amemnunulia gemu ya Wii. Msichana anaangalia upande wa shelfu, baba naye anageuka kuangalia. Kuna ingine kama hiyo hiyo, alimnunulia yeye mwenyewe kitambo akasahau. Hakuna mtu amesema kitu hapo! Lakini ushamjua ni baba wa aina gani. Sasa huyo ndio unampandisha treni na mtoto anayetaka tu kupelekwa kwa mamake Busan. Hata bila zombi hiyo safari ingekuwa ngumu.

Na treni haina pa kwenda. Hakuna shamba, hakuna gereza, hakuna kukaa ukipanda nyanya sizoni mzima. Ni behewa kwa behewa. Wanagundua zombi haziwezi kuona kwa giza, kwa hivyo kila treni ikiingia kwa handaki wanatambaa juu ya zile rafu za mizigo, na wewe kwa kiti unashikilia pumzi. Wanapigana wanafika behewa lenye watu wenye hawajaumwa, na wale watu wanakataa kufungua! Kuna mkubwa fulani wa kampuni ya mabasi anawatia woga, eti hawa wameambukizwa. Wakishaingia kwa nguvu wanafukuzwa wakae kule mwisho wa behewa kama wakosaji.

Sasa kuna kashosho hapo. Dadake amebaki upande ule mwingine, ashakuwa zombi, anamwona kupitia kioo. Anageuka anaangalia hao watu wote wenye wamejifungia wakifurahi wako salama. Halafu anafungua mlango.

Buda. Ni nyanya mmoja tu amevuta mlango, hakuna zombi amefikiria kitu. Nilisimama. Na nilikuwa upande wake, hiyo ndio ilinitisha.

---

Fundi_Redio

Vijana mnajadili vizuri. Mimi nakubaliana na nyanya_chungu nusu tu. Kurefusha sirizi ni kweli kunaua, lakini kujirudia kwa mazombi kulikuwepo kabla hata hiyo Walking Dead haijafikiriwa, na sababu yake ni ya kisheria na ya kifedha.

Chanzo cha hawa mazombi mnaowajua, wafu wanaofufuka wakala watu, ni Night of the Living Dead ya 1968. George Romero na wenzake walikuwa wanatengeneza matangazo ya biashara huko Pittsburgh, wakachangishana, bajeti kama dola 114,000, nyeusi na nyeupe. Kwenye muvi yenyewe neno zombi halitamkwi. Nyumba moja ya shambani, watu wasiojuana wamejifungia, wanagombana tujifiche chini ya nyumba au tubaki huku juu tupigilie mbao. Hiyo ndiyo daftari ambalo mleta mada analilalamikia, limeandikwa pale lote. Aliyeumwa yumo, mlango wa kupigilia mbao upo, redio na tivii za kutaja vituo salama zipo.

Sasa sikilizeni hii. Muvi ilikuwa na jina jingine kwanza. Wasambazaji walipobadilisha jina wakatoa na ile alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina la zamani, hawakuirudisha. Sheria ya Marekani wakati huo, kazi ikitoka bila alama haki imepotea. Kwa hiyo ikawa mali ya umma toka siku inatoka. Yeyote aliweza kuionyesha, kuidurufu, kuuza kanda, kuchukua vipande vyake. Romero akabaki na sifa, hela wakala wengine. Ndio maana kila mwenye kamera na asiye na mtaji alianzia hapo, hakuna wa kumshtaki.

Na zombi ni rahisi jamani. Hataki staa, hataki kujua mistari, hataki mavazi. Unga usoni, rangi nyekundu, shati la mitumba ulichane, majirani thelathini na jengo bovu. Dinosaria utamtengeneza kwa shilingi ngapi?

Lakini yule wa kwanza aliweka kitu ambacho wanaoiga wanakiacha. Anayeongoza ile nyumba ni Ben, mtu mweusi, ameigizwa na Duane Jones, kwenye muvi ya 1968 Marekani, na hakuna anayetaja rangi yake hata mara moja. Anapambana usiku kucha, wenzake wote wanakwisha, asubuhi kikosi cha raia wenye bunduki na mbwa kinafika kuokoa. Anachungulia dirishani, wanampiga risasi ya kichwa, wanamdhania naye ni zombi. Wanamkokota kwa vyuma vya kuchukulia nyama na kumtupa kwenye moto, na hizo picha za mwisho ni za kuganda, zina chenga kama za gazeti. Martin Luther King, mpigania haki za weusi, alikuwa ameuawa Aprili mwaka huo huo, muvi ikatoka Oktoba. Watu walitoka ukumbini kimya.

Romero alipotengeneza nyingine, Dawn of the Dead ya 1978, aliwapeleka kwenye jengo la maduka la Monroeville. Walikuwa wanapiga picha usiku maduka yakishafungwa, na ilipofika Krismasi wakasimama kwa sababu mapambo yalikuwa mengi, kuyatoa kila usiku na kuyarudisha asubuhi ni gharama. Mule ndani mazombi wanapanda na kushuka ngazi za umeme, mtu anauliza wamefuata nini huku, mwenzake anajibu ni mazoea, hapa palikuwa pa maana kwao. Nendeni pale mjini mol mwisho wa mwezi mkaangalie wenyewe.

---

wali_wa_nazi

Tamthilia za Kifilipino tajiri anampenda maskini kila siku saa mbili usiku na mnakaa mnaangalia na shemeji zenu. Zombi akirudia mara mbili tu mnaitisha kikao. Muacheni zombi atafute riziki.

---

BintiMakorora

😂😂 wali_wa_nazi umenivunja mbavu.

Fundi_Redio shikamoo, ila umeanzia 1968, mimi naomba turudi nyuma zaidi maana hapo ndipo ninapoona kitu kizuri kilitupwa.

Kabla ya hao wa kuuma kulikuwa na zombi wa Haiti, na yule alikuwa haumi mtu. Alikuwa anafanya kazi. Wamarekani waliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 mpaka 1934, na humo ndani ya miaka hiyo wasafiri wakaanza kurudi kwao na hadithi za watu waliokufa wakazikwa halafu wakaonekana kwenye mashamba ya miwa. Hollywood wakadaka, 1932 wakatoa White Zombie, Bela Lugosi ndio mchawi mwenye kiwanda cha sukari. Nimeiangalia, ni ya zamani kweli, watu wanaongea kama wako jukwaani, ila kuna sehemu moja sijawahi kuiona kwenye hizi mpya zote. Mazombi wako kiwandani usiku wanasukuma mashine ya kusaga miwa, wanazunguka, mashine inalia kwa kukwaruza hakuna sauti nyingine. Mmoja anajikwaa anadondokea ndani. Hakuna anayesimama. Wanaendelea kuzunguka.

Sasa nyie mliokulia Tanga, Moro, Mbeya, popote, hiyo hadithi mnaijua au hamuijui? Mtu kafa kijana, kazikwa, arobaini imesomwa, halafu kuna mzee anaapa amemuona analima usiku shamba la tajiri fulani. Analishwa pumba, haongei, macho yanakutazama hayakujui. Na yule tajiri mashine yake ya kusaga haiharibiki, duka linajaa, wafanyakazi wake huwaoni. Mimi nikiwa mdogo hiyo ilinikosesha usingizi kuliko zombi yeyote wa kuuma. Wa kuuma unamkimbia. Huyu ni kaka yako, yuko mahali, anafanyishwa kazi, na hujui umlilie au umtafute.

Haiti ilikuwa nchi ya watumwa waliovunja minyororo yao wenyewe. Kwa mtu wa pale adhabu kubwa haikuwa kufa, ni kufa halafu upelekwe tena shambani. Ukielewa hivyo ile hadithi inakuwa nzito. Romero alipoleta wa kula nyama, wote wakahamia huko, na zombi mfanyakazi akasahaulika.

Bongo muvi walijaribu misukule enzi za sidii, nakumbuka poda nyeupe usoni na kicheko cha mwangwi, tulikuwa tunaogopa kweli, ila walikazania uchawi, mganga anakuja anapambana na mchawi mwisho. Hakuna aliyekaa na ile familia. Mama anayesikia mwanae ameonekana. Anaenda? Haendi? Akimkuta anamwambia nini? Mtu akiniandikia hiyo hata kwa simu ya kichina nitalipia kuangalia.

---

mtu_wa_tandika

BintiMakorora umeniweka vibaya, saa hizi usiku natoka uani naangalia shamba la jirani 😅

Fundi shikamoo mzee, hiyo ya alama ya hakimiliki sikuijua kabisa. Ila nikuulize, kama 1968 ndio daftari lenyewe, mbona 28 Days Later ilinishika vile na ni 2002? Au kwa sababu wanakimbia?

wali_wa_nazi tamthilia za Kifilipino naangalia kwa sababu rimoti sio yangu, tuheshimiane.

---

daktari_wa_subtaito

Naingia hapo kwa 28 Days Later. Kukimbia ni kidogo, na wengine waliiga hicho tu ndio maana zao hazikushika. Pale wale sio maiti. Ni wazima wenye virusi vya hasira. Mtu aliye hai anahitaji chakula, na wao hawali, wanashambulia tu. Kwa hiyo wana mwisho! Kuna meja wa jeshi mule amemfunga askari wake aliyeambukizwa kwa mnyororo uani, ukiuliza kwa nini hamuui, anataka kujua watachukua muda gani kufa kwa njaa. Mwandishi akishajua zombi wake anaishi kwa sheria gani na akaifuata, stori inajisukuma yenyewe. Ambao hawajui, zombi wao kwenye episodi ya kwanza anasikia mlio wa sindano, episodi ya tano anapigiwa kelele mgongoni hageuki kwa sababu steringi anatakiwa apite.

Halafu ilipigwa na kamera ndogo za dijitali za Canon, picha ina chengachenga kama ya habari, zile barabara za London walizisimamisha alfajiri kwa vipande vya dakika chache. Umasikini wa picha ukaifanya ionekane kweli. 28 Years Later ya mwaka 2025 wamerudia ujanja huo, sehemu kubwa wametumia iPhone. Kuna kisiwa, njia ya kwenda bara iko chini ya bahari, maji yakipwa unapita kwa miguu, yakijaa umekwama huko huko na hao jamaa nyuma yako. Mtu wa pwani ataielewa haraka hiyo, unahesabu bamvua huku unakimbia. Nusu ya kwanza safi. Nusu ya pili inageuka kuwa kitu kingine, dogo na mama yake mgonjwa na daktari aliyejenga mnara wa mafuvu, wengi walilalamika, mimi ndio niliyoipenda zaidi.

Na The Last of Us msiiache, ile ya HBO ya 2023, japo wale ni kuvu sio virusi. Episodi ya pili inafungukia Jakarta. Mama mmoja profesa wa kuvu yuko mgahawani anakula, wanajeshi wanamchukua, wanamuonyesha maiti. Anauliza ameumwa wapi, wanamwambia kiwanda cha unga na nafaka. Wanakaa, ofisa anamwambia tumekuita utusaidie dawa au chanjo. Yule mama kikombe cha chai kinagongagonga kwenye kisosi, anasema nimetumia maisha yangu yote kusoma vitu hivi, nisikilizeni vizuri, hakuna dawa, hakuna chanjo. Tufanyeje sasa? Anajibu: bomu. Mji mzima na waliomo. Halafu anaomba apelekwe nyumbani akae na familia yake. Kwisha, hakuna zombi hata mmoja aliyetembea kwenye kipande hicho. Mimi niliposikia unga nikaangalia sahani yangu ya ugali, nikasukuma pembeni kidogo.

Kuna sisimizi wa kweli msituni wanaopatwa na kuvu wa aina hiyo, inamuongoza mdudu apande kwenye jani, aling'ate, afie hapo, halafu inachipua kichwani kwake. Hiyo sio muvi, iko kwenye vitabu vya baiolojia. Uongo kidogo tu umeongezwa.

---

nyanya_chungu

@daktari_wa_subtaito unaona sasa unanisaidia mimi. Last of Us sizoni ya kwanza episodi 9. Tisa! Wangekuwa wale wa Walking Dead ungekuwa mwaka mzima unazunguka Jakarta.

---

Fundi_Redio

Marahaba vijana. Binti, hiyo ya familia ya msukule iandike wewe, usimsubiri mtu.

Kuna moja ya 2010 inaitwa The Dead, Waingereza wawili ndugu waliipigia Burkina Faso na Ghana. Muigizaji mkuu Mmarekani alipata malaria kweli katikati ya kazi. Mazombi wa taratibu kabisa, lakini savana wazi, mchana kweupe, unamuona anakuja toka mbali na huna mlango wa kufunga. Mwanajeshi wa pale anamtafuta mwanae. Mazungumzo machache. Sio kamilifu ila hamna mol wala hospitali.

---

mtu_wa_tandika

Hiyo naitafuta leo. Kuna nyingine ambayo hata mimi siwezi kubashiri?

---

daktari_wa_subtaito

One Cut of the Dead, ya Japani, 2017. Bajeti kama yen milioni tatu, hela ya harusi ya kawaida tu. Dakika 37 za mwanzo ni picha moja haikatwi, na utaona ni mbovu. Kamera inaanguka, watu wanaganda bila sababu, mtu anapiga kelele bila sababu. Utataka kuzima. Usizime, na usisome chochote juu yake, hata maelezo ya nyuma. Nikisema neno moja zaidi nimekuharibia.

---

mtu_wa_tandika

Sawa daktari, nakuamini. Na ile ya pili ya Train to Busan, Peninsula, Jirani254 unaionaje?

---

Jirani254

Hiyo wachana nayo kabisa. Wametoa treni wakaweka magari.